X Yenye Mkia

Zamani mtu akija na kopo la rangi kwenye mtaa wetu tulimwekea kigoda na kahawa tukasubiri kuona ataandika nini. Siku hizi ukimwona mtu ana rangi nyekundu mkononi unatazama kwanza mabati ya paa lako, ukijiuliza utayang'oaje kabla tingatinga halijafika.

Mtaa ninaousema ni ule wa soko la zamani, Kisarawe. Biashara ilipohamia upande wa stendi, watu walihama nayo, na tuliobaki tulikuwa wachache: mimi na meza yangu ya kutengeneza saa na redio, Shabani mwenye bucha, na Mwanamvua aliyeuza chai na maandazi mbele na kulala chumba cha nyuma. Milango mingine ilifungwa kwa kufuli zilizoota kutu. Mfereji ulizibwa na mifuko na chupa za plastiki. Mtaa uliokuwa ukinukia bizari na mafuta ya taa sasa ulinuka paka.

Ndipo akaja Adventina. Ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa parokia, na alikuwa amekusanya vijana wa kujitolea.

"Shikamoo babu. Tunataka kuufufua mtaa wenu."

"Marahaba. Nani kakwambia umekufa?"

"Babu, redio ya mwisho umeitengeneza lini?"

Mimi nimekulia kwenye ujima. Ngoma ililia, ukachukua jembe lako ukaenda, mwenye shamba akapika, mkala, mkaondoka. Hapakuwa na fulana za rangi moja. Vijana wa Adventina waliupiga picha mfereji kabla ya kuuzibua, wakaupiga picha tena walipomaliza, na katikati wakajipiga wao wenyewe. Lakini waliuzibua. Hilo siwezi kuwanyima.

Kisha akamleta Wilbrod kutoka Kibaha. Alimpata kanisani, alipouliza kama yupo mtu anayejua bado kuandika mabango kwa mkono. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, na suruali yake ilikuwa na madoa ya rangi za miaka yote aliyofanya kazi. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani kutafuta kibarua na hakurudi tena Tabora. Wilbrod alijifunza kazi yake Maili Moja, pale barabara ya Morogoro inapochangamka. Aliandika majina ya maduka, akachora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi, akaandika dua nyuma ya malori. Ukitembea Kibaha enzi hizo ulikuwa ukisoma mkono wake tu. Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na mabango hayo hupauka mwaka haujaisha, lakini ni nani anayejali? Wilbrod akaanza kupaka rangi makaburi, na palipokosekana makaburi alifanya kibarua chochote.

Nilimuuliza kwa nini anakuja kutufanyia kazi ya bure.

"Nataka niandike ukuta utakaobaki," alisema.

Siku ya kwanza Mwanamvua alimpa chai. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya pembe, na Mwanamvua hakuwa mtu wa kuacha nafasi kama hiyo ipite.

"Mnyamwezi, babu zako walipita hapa na pembe za ndovu kichwani. Wewe umeleta nini?"

"Brashi, mtani."

"Brashi! Mzigo mwepesi hivyo? Ndiyo maana umekonda."

"Nimekonda kwa chai yenu Wazaramo. Mnaionyesha majani halafu mnayarudisha kabatini."

Shabani alicheka mpaka akaweka kisu chini. Wilbrod akamuuliza Mwanamvua anataka aandikiwe nini ukutani.

"Andika Mwanamvua, chai ipo."

"Basi?"

"Sasa unataka useme nini, chai haipo?" Akapangusa meza, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Andika vizuri, mtani. Ukuta huu ni wa pili. Wa kwanza ulikuwa Maili Moja, walipopanua barabara. Ukinitoka na huu, wa tatu sina nguvu nao."

Niliona Wilbrod akishusha kikombe bila kunywa. Nilidhani chai ilikuwa ya moto.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda kuswali, na Mwanamvua alikuwa ameshuka mashineni kusaga ngano. Wilbrod akaona mtaa uko mtupu. Yeye ni Mkatoliki, akafikiri hiyo ndiyo saa nzuri ya kupima kuta bila kumsumbua mteja wa mtu. Alipomaliza, Adventina akamchukua kwa bajaji wakaenda upande wa Pugu kufuata makopo ya rangi waliyoahidiwa na mfadhili.

Tulirudi kutoka msikitini tukizungumza habari za mvua. Shabani alikuwa mbele yangu. Alisimama ghafla nikamgonga mgongoni.

"Mzee Latifu," alisema, "tazama."

Kila ukuta ulikuwa na X nyekundu, kubwa, kutoka pembe hadi pembe. Bucha lilikuwa na X. Maduka yaliyofungwa yalikuwa na X. Mlango wangu, na ukuta ninaouegemea tangu nina nywele nyeusi, ulikuwa na X. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa, wala gari, wala karatasi iliyobandikwa. Palikuwa na ukimya na alama zile tu, kama vile mtaa wote umesahihishwa na mwalimu aliyekasirika.

Msomaji wa nchi hii hahitaji kuelezwa X nyekundu ukutani maana yake nini. Ni amri ya kuvunja, na huwa haina mlango wa kupigia hodi. Shabani alimpigia simu Adventina, akaambiwa na yule mwanamke wa kwenye simu kwamba namba anayoipiga haipatikani. Alipiga tena na tena, kana kwamba yule mwanamke angemhurumia.

Mwanamvua alikuja na ndoo ya unga kichwani. Aliona. Aliishusha ndoo polepole, akaenda hadi ukutani kwake, akainama upande wa kulia, chini, pale mstari mmoja ulipoishia kwa kimkia kilichopinda kidogo, kama fundi cherehani anavyofunga uzi. Akakigusa kwa kidole.

"Kaka Latifu, hii naijua."

"X ni X tu, Mwanamvua."

"Hapana. Ile ya Maili Moja ilikuwa na mkia hivi hivi, hapa hapa. Niliamka nayo na kulala nayo. Ni mkono ule ule, umenifuata."

Nilimwambia tusubiri maelezo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Maelezo niliyasubiri kule. Tuliambiwa ni alama tu, tutaambiwa tarehe. Niliyasubiri mpaka nikakuta mabati yangu yamekunjwa kama chapati. Leo sisubiri mtu."

Akaegemeza ngazi. Mwanamke wa umri wake, kanga imefungwa kiunoni, anang'oa misumari ya paa lake mwenyewe kwa patasi ya Shabani! Tulimsaidia. Ningeweza kusema tulimzuia, lakini tulimsaidia, maana mimi mwenyewe nilikwisha kuanza kufunga saa za watu kwenye shuka. Lori lililoshusha mkaa sokoni lilikuwa linarudi tupu Chole, vijijini huko, ambako kaka yake Mwanamvua analima mihogo na korosho. Yakapakiwa mabati, masufuria, godoro na benchi la wateja. Kabla ya adhana ya alasiri alikuwa amekwenda, na mgahawa ulibaki kuta nne na anga.

Bajaji ilirudi na makopo ya rangi. Wilbrod alishuka akitabasamu, kisha akaona nyuso zetu.

"Nani kachora hizi?" Shabani aliuliza, na mkono wake ulikuwa bado na patasi.

"Mimi. Si za kuvunja, jamani! Natafuta katikati." Akachukua kamba yake aliyoipaka udongo mwekundu. "Unaivuta kutoka pembe hii hadi ile, unaiachia inapiga ukuta. Na nyingine hivi. Zinapokutana ndipo herufi ya kati inapokaa, jina lisiegemee upande. Nimefanya hivi maisha yangu yote. Udongo unafutika."

"Na mkia?" nikauliza.

"Mkia?"

"Huo hapo chini kulia. Kamba haipindi."

Wilbrod aliutazama kana kwamba hajawahi kuuona. "Ni mkono wangu tu. Naweka alama ya mwisho wa jina. Mkono umezoea."

"Mwanamvua anasema aliuona mkia huu Maili Moja."

Alikaa kwenye ngazi ya bucha. Adventina akamshika bega, lakini alikuwa haelewi, alikuwa mtoto wakati ule.

"Mabango yalikwisha," Wilbrod alisema. "Watu wa barabara walitafuta mtu mwenye mkono ulionyooka. Nikaambiwa chora, nikachora. Sikujua ndani ya kila ukuta kuna nani."

Hakuna aliyemtukana, na nafikiri angependelea kutukanwa. Tulichukua maji na matambara tukafuta. Udongo wa kwetu haufutiki kwenye lipu ya chokaa kama alivyodhani. Ulibaki weupe ulioingia wekundu, na jioni jua likipiga upande ule X zote zilionekana tena, hafifu.

Sasa lilibaki jambo la Mwanamvua. Asiyeujua mji wetu atasema, amerudi kwao, si apumzike? Lakini kiwanja cha mtaa wa soko kikiwa wazi hakikai. Alichokuwa nacho duniani ni zile kuta nne. Siku mbili tu, tukakuta kokoto zimemwagwa mlangoni, na mtu mmoja mwenye miwani ya jua anapima kwa hatua zake. Alisema anataka kuweka kibanda cha kubeti mpira. Mwenye mahali, alisema, ameng'oa paa mwenyewe, maana yake ameacha.

"Hapa pana mtu," Wilbrod alimwambia.

"Yuko wapi?"

"Mimi."

Akaleta mfuko wake wa nguo akauweka kwenye chumba kisicho na paa. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Alikaa humo chini ya turubai, na kila siku yule mwenye miwani alipita na wenzake wawili wakisimama mlangoni bila kusema kitu. Siku moja walisema. Wakamwambia mzee, ukuta mbichi huangukia watu. Wilbrod alikuja mezani kwangu akaomba nimtazamie kama redio yake inafanya kazi, na redio yenyewe hakuwa nayo. Alitaka tu kukaa na mtu.

"Twende Chole," nilimwambia. "Ukimrudisha, hao watatoka. Usipomrudisha utafia humu kwa ajili ya kokoto."

"Na hapa atabaki nani?"

Walibaki vijana wa Adventina. Nakiri sikutegemea. Walikaa kwenye zile kuta na fulana zao na simu zao, na kila mtu aliyepita walimpiga picha, akiwemo yule mwenye miwani. Safari hii sikulalamika juu ya picha.

Tulimkuta Mwanamvua uani kwa kaka yake, anatwanga. Mabati yake yalikuwa yamepangwa chini ya mkorosho na kufunikwa magunia, kama maiti. Alipomwona Wilbrod aliuinua mchi wote.

"Umekuja kuchora na huku?"

"Nimekuja kubeba, mtani."

"Usiniite mtani! Mtani huiba kuku msibani, tukacheka. Wewe umeniibia nyumba mbili."

Kaka yake alitoka akauliza kuna nini, akaona ni mambo ya watani, akarudi ndani. Wilbrod alikaa chini kwenye vumbi. Hakuomba kiti.

"Ya kwanza ni kweli," alisema. "Nilichora mimi. Ya pili nilikuwa natafuta katikati ya jina lako."

"Nani alikwambia jina langu lina katikati?"

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka, lakini mchi uliteremka.

"Kuna mtu anakitaka kiwanja chako," nikasema. "Ukikaa huku mwezi, utakuta watu wanabeti mpira jikoni kwako."

"Naogopa, kaka Latifu." Alisema hivyo tu, na uso wake ukawa wa mtoto. "Nikilala nasikia lile tingatinga. Hata huku, ambako hakuna barabara ya kupanua, nasikia. Huyu aniapie kwamba hawatakuja."

Tukamtazama Wilbrod. Angeweza kuapa. Wakubwa huapa kila siku na hawafi.

"Siwezi," alisema. "Wakija wenye amri, mimi ni nani? Ninachoweza kusema ni kwamba mkono huu hautakuwemo. Na mimi pia naogopa, mtani. Nakaa humo chumbani kwako, naogopa."

Mwanamvua alitwanga kidogo. Kisha akasema bila kumtazama:

"Mabati utayabeba mwenyewe. Kichwani. Si ndiyo kazi ya babu zako?"

"Nitabeba."

"Na ukutani kwangu kamba isipite. Sitaki kuona mistari miwili inakutana, hata ya bahati mbaya."

"Bila kamba jina litakwenda upande."

"Liende."

Lori lilitushusha stendi. Kutoka pale hadi mtaani Wilbrod alibeba mabati kichwani, machache machache, akirudi tena na tena, jasho likimwingia machoni. Watu walitoka madukani. Shabani alisimama katikati ya njia akipiga kelele, "Msafara huo! Mpisheni Mnyamwezi, mzigo wa bibi!" Wakacheka hata wasiojua habari. Yule mwenye miwani aliona watu wamejaa, akaona na mwenye mahali amesimama mlangoni na mchi aliotoka nao Chole. Kesho yake kokoto zilizolewa.

Paa lilirudi, lakini Mwanamvua alikataa misumari. Mabati aliyafunga kwa waya, ncha zimeachwa nje ya ukingo, mahali mkono wake unapofika. Fundi alimwambia upepo utayachukua. Alijibu kwamba upepo hauji na tingatinga, na waya hufunguka upesi kuliko msumari.

Wilbrod akaandika. Kwenye kuta zetu majina yalikaa sawasawa, maana sisi wengine tulimruhusu kupima, mchana, tukiwa wote tumesimama hapo. Kwenye ukuta wa Mwanamvua aliandika kwa macho tu. Herufi za mwanzo zilitoka kubwa na za fahari, na alipofika mwisho nafasi ilikuwa imekwisha, V na U na A zikabanana kama abiria. "Chai ipo" ikateremka kushoto kana kwamba inaondoka. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizopata kuandika, na alijua. Alisogea nyuma hadi ng'ambo ya mfereji akaitazama, akakunja uso kwa uchungu.

"Nzuri," Mwanamvua alisema. "Hakuna atakayeifikiria kuwa ya serikali."

Adventina aliufungua mtaa kwa hotuba na spika kubwa. Milango mitatu minne ilifunguliwa tena, akaja muuza vitambaa, akaja kinyozi. Wanasema mtaa umefufuka. Labda. Mimi nilichokiona ni kwamba kila gari lilipopunguza mwendo pale, kinyozi alisimamisha mkasi, Shabani alisimamisha kisu, na Mwanamvua alitoka mlangoni akatazama juu kwenye waya zake. Enzi zetu tuliishi kwenye nyumba za udongo na hatukujua hofu ya namna hiyo. Sasa kuta ni za lipu na zimepakwa rangi, na watu wanakaa ndani yake kama wageni.

Wilbrod hakurudi Kibaha. Alipanga chumba jirani, na kila mvua ilipofifisha herufi za Mwanamvua alizipaka upya, bila kamba. Waligombana kuanzia chai ya asubuhi hadi ya jioni.

Mimi macho yameniacha. Binti yangu amenichukua Vihingo, ninakaa nasikiliza kuku. Mtu akitoka mjini namuuliza habari za mvua, na za bei ya korosho. Za mtaa simuulizi.

Mara ya mwisho nilipowaona nilikuwa nimekwenda kufuata dawa ya macho. Bado nilikuwa naona vya kutosha. Wilbrod alikuwa juu ya ngazi na kopo la bluu, Mwanamvua chini ameishika ngazi, anamwambia ile A imenenepa. Mwanzoni mwa mtaa likasimama gari jeupe. Wakashuka watu wenye fulana za kung'aa, wakasimamisha chombo cha miguu mitatu, mmoja akainama kuchungulia. Kinyozi akasimamisha mkasi. Sikujua walikuwa wanapima nini. Huenda ni bomba la maji. Bodaboda wangu alikuwa ananipigia honi, mvua inakuja, twende babu, nami nikapanda. Nilipogeuka, Wilbrod alikuwa vile vile, brashi hewani, haigusi ukuta. Mwanamvua hakukimbia wala kupiga kelele. Mkono mmoja ulikuwa kwenye ngazi ya Wilbrod, na mwingine ulikuwa umepanda polepole hadi ukingo wa paa, ukishika ncha ya waya.